Mkono wa mrejesho kwanza, skrubu baadaye: ugezi (urekebishaji wa vipimo) wa posishena ya vali

Ninapoitwa kuangalia vali ya mvuke inayolisha kipasha joto cha juisi ya miwa, aghalabu naambiwa kwamba posishena, yaani kifaa kinachoiweka vali mahali inapotakiwa, imekufa. Mara nyingi posishena ni nzima, ila imefungwa vibaya.

Kazi ya posishena ya hewa ni kulinganisha ishara inayotoka chumba cha udhibiti, ambayo kwa kawaida huwa kati ya psi 3 na psi 15 (psi ni pauni za shinikizo kwa inchi ya mraba), na mahali fimbo ya vali ilipo hasa. Ishara ikipanda, mvukuto mdogo uliomo ndani husogeza kibati chembamba karibu na tundu la nozeli. Hewa hukosa pa kutokea, shinikizo nyuma yake hupanda na kupelekwa kwenye diaframu, utando unaoisukuma fimbo, na fimbo huinuka. Fimbo nayo huvuta mkono wa mrejesho, ambao kupitia springi hurudisha kibati nyuma mpaka nguvu hizo mbili zilingane.

Kwa kuwa fimbo hupanda wima ilhali mkono huzunguka kwa tao, ni lazima mkono uwe umelala sawasawa vali inapofika nusu ya mwendo wake. Kwa hiyo, baada ya kumwarifu mwendeshaji, kuzuia mvuke na kuhakikisha hewa ya kulisha ni psi 20 na haina mafuta, natuma psi 9 na kuifikisha fimbo katikati. Kwenye vali yenye mwendo wa milimita 20 hiyo ni milimita 10. Hapo ndipo ninapolegeza nati ya mkono, kuulaza na kuukaza tena. Fundi anayeiruka hatua hii atazungusha skrubu mchana kutwa: ncha mbili zitakubali, katikati itakataa.

Kisha narudi psi 3 na kugeuza skrubu ya sifuri mpaka vali ikae kitini na ianze kuinuka mara tu ishara inapopita hapo. Nikipeleka psi 15, narekebisha urefu wa mwendo ufike milimita 20. Kugusa mwendo huivuruga sifuri, hivyo hurudia zote mbili mara tatu au nne bila kukata tamaa. Ndipo ninaposoma psi 3, 6, 9, 12 na 15 nikipanda, halafu nikishuka kwa mpangilio uleule, na kuandika kila kipimo.

Safari ya kushuka ndiyo ninayoithamini zaidi. Ikiwa psi 9 ilinipa milimita 10 nikipanda na 11 nikishuka, huacha skrubu na kuweka kidole kwenye fimbo huku ishara ikibadilishwa polepole. Fimbo inayoganda kisha kuruka inadai nikague pakingi, kizibo kinachoizunguka fimbo ili mvuke usivuje, ambayo huenda imekazwa kupita kiasi.