Kocha msaidizi si mbeba mipira: wanayoyakosea wengi kuhusu timu za kikapu za wanawake vyuoni Marekani

Mechi ikiisha, kamera humkimbilia kocha mkuu. Makocha wasaidizi waliokaa naye benchi, karatasi zimewakunjika mikononi, hupita nyuma yake na kuelekea vyumbani. Labda ndiyo sababu hata mashabiki wazuri wa ligi za NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, huizungumzia kazi yao bila kuijua.

“Msaidizi kazi yake ni kukusanya mipira na kupiga makofi.”

Kauli hii huniuma. Katika timu nyingi makocha wasaidizi hugawana wapinzani wa msimu. Mpinzani akiwa wako, ni wewe unayekesha na video zake: nani hupenda kupenya kushoto, nani huchelewa akiwekewa skrini, yaani mchezaji akisimama kumzibia njia, wakitoka taimauti hurudi na mchezo gani. Kisha yote hayo uyafupishe yaingie ukurasa mmoja au miwili, maana binti wa miaka 19 mwenye mtihani wa kemia kesho asubuhi hawezi kubeba kurasa ishirini kichwani. Mazoezini unawapanga wavulana wa chuo, wanafunzi wa kawaida ambao timu nyingi za wanawake huwatumia kama wapinzani wa mazoezi, wacheze kama timu inayokuja. Na siku yenyewe, mchezaji anayepanga mashambulizi ya wapinzani akiinua ngumi kuita mchezo, wewe ndiye unayesimama na kuwapigia kelele wasichana wako wajue kinachokuja kabla pasi ya kwanza haijatoka.

Wachezaji wamewekewa kikomo: saa 20 za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu, na siku moja ya kupumzika. Kocha hana kikomo hicho.

Hapo sijagusa usajili. Msaidizi ndiye mara nyingi humpigia simu mama wa mchezaji, akaenda tena na tena kwenye kiwanja cha shule ambayo wengi hawajawahi kuisikia. Megan Gustafson alitoka Port Wing, kijiji kidogo cha Wisconsin. Alipofika Chuo Kikuu cha Iowa, aliyemnoa kwenye kucheza chini ya kikapu alikuwa Jan Jensen, msaidizi wa kocha mkuu Lisa Bluder. Mwaka 2019 Gustafson alitajwa mchezaji bora wa vyuo nchini.

“Ni chumba cha kusubiria ukocha mkuu, ukikaa sana, umeshindwa.”

Chris Dailey alifika Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 1985 akiwa msaidizi wa kocha mkuu Geno Auriemma, na hadi timu ilipotwaa ubingwa wake wa 12 mwaka 2025 alikuwa bado kando yake. Machi 2021 Auriemma alipopata Uviko, Dailey aliiongoza timu katika mechi mbili za kwanza za mashindano ya taifa kule Texas, akashinda zote mbili. Lisa Boyer naye alishakuwa kocha mkuu, na aliwahi kumfundisha Dawn Staley katika timu ya kulipwa ya Philadelphia. Baadaye akakubali kuwa msaidizi wa mchezaji wake huyo, kwanza Chuo Kikuu cha Temple, kisha South Carolina, na pamoja wamechukua ubingwa wa 2017, 2022 na 2024. Huwezi kuniambia mwanamke huyo ameshindwa.

Wapo wanaosema kinyume chake, kwamba aliyezoea kuwa wa pili hawezi kuongoza. Vyuo vyenyewe havikubali hilo. Mwaka 2024 Bluder alistaafu na Iowa ikamkabidhi timu Jensen. Mwaka huohuo kocha mkuu Tara VanDerveer alistaafu Chuo Kikuu cha Stanford, na nafasi yake akapewa Kate Paye, aliyekuwa msaidizi wake tangu 2007. Auriemma mwenyewe alipitia huko, akiwa msaidizi wa kocha mkuu Debbie Ryan pale Chuo Kikuu cha Virginia.

“Ukishaingia benchi, maisha yamenyooka.”

La. Kocha mkuu akifukuzwa, anayekuja huwa na watu wake, na wasaidizi wa zamani hufungasha familia nzima na kuhama jimbo hata kama kazi yao haikuwa na dosari. Tangu Julai 2023 nafasi zimeongezeka: timu inaweza kuwa na wasaidizi watano badala ya watatu, ingawa wawili wa nyongeza waliruhusiwa kufundisha tu, si kusafiri kusajili.

“Lazima uwe ulikuwa nyota.”

Kucheza kunasaidia. Jensen mwenyewe aliongoza nchi nzima kwa ufungaji mwaka 1991 akichezea Chuo Kikuu cha Drake. Lakini wapo wanaoingia kwa mlango mwingine: wanasoma shahada ya uzamili huku wakiisaidia timu, wanashika kazi ya kukata video, wanarudisha mpira kwa mchezaji anayetaka kurusha mara mia zaidi usiku, taa nusu zimezimwa. Kocha mkuu akipita mlangoni, humwona pia aliye chini ya kikapu.