Redio tambuzi: mgeni arushe kwa nguvu kiasi gani?

Redio tambuzi, wazo walilolieleza Joseph Mitola na Gerald Maguire katika makala yao ya mwaka 1999, husoma mawimbi yanayoizunguka kisha ikajirekebisha. Inaweza kuingia kama mgeni kwenye masafa yenye mwenyewe, yaani mwenye leseni ya kuyatumia, mradi isimsumbue. Wengi huhangaika na kugundua masafa matupu. Mimi swali linalonishika ni jingine: mwenye leseni akiwa yupo hewani, mgeni arushe kwa nguvu kiasi gani, na kwenye njia ipi, yaani kipande kipi cha masafa?

Kanuni tuliyofundishwa ya kugawa nguvu kati ya njia ili kupitisha biti nyingi iwezekanavyo ni ya kujaza maji. Kila njia ni shimo. Penye kelele nyingi sakafu huinuka. Unamimina nguvu zako, maji yanatulia usawa mmoja, na shimo lenye kina linapata zaidi. Ni kanuni nzuri mno, ila haimjui jirani.

Tupige hesabu. Nina njia mbili na nguvu ya uniti 3. Kila uniti ninayorusha humfikia mpokeaji wangu ikiwa mara 4 ya kelele kwenye njia ya kwanza, na sawa na kelele kwenye ya pili. Lakini njia ya kwanza humvujia mwenye leseni 0.1 ya kila uniti. Ya pili 0.01 tu. Kujaza maji kunanipa 1.875 na 1.125, jumla ya biti 4.17 kwa sekunde kwa kila hezi. Tatizo, kero, yaani jumla ya nguvu inayomvujia mwenye leseni, inafika 0.199, na tuseme kikomo anachovumilia ni 0.1.

Tiba ya haraka ni kupunguza zote mbili karibu nusu: biti zinaporomoka hadi 2.90. Ukigawa upya, takriban 0.78 na 2.22, kikomo kinaheshimiwa vilevile nawe unabaki na 3.73! Kila njia sasa inalipiwa mara mbili, kwa nguvu na kwa kero, hivyo maji hushuka zaidi palipo na uvujaji mkubwa.

Kinachoninyima usingizi ni ile 0.1 ya uvujaji. Anayeumia ni kipokezi, na kipokezi cha mwenye leseni, mfano televisheni, kwa kawaida hakirushi chochote cha kukufanya ukisikie na kupima uvujaji unaokifikia. Basi tunakadiria na kuacha akiba. Kila desibeli 3 (kipimo cha uwiano wa nguvu) za akiba hukata kikomo nusu. Tena wageni kumi, kila mmoja akikifikia kikomo peke yake, humletea mwenyewe kero mara kumi, kwa hiyo kikomo hicho lazima wagawane kabla yeyote hajaanza kurusha.