Aliyeshika fuvu hakuwa maiti: dhana potofu kuhusu picha za Waholanzi

Nikiwasimamisha wageni mbele ya picha ya Kiholanzi ya karne ya 17 yenye fuvu, hakosi wa kunong'ona: "Huyu walimchora akiwa ameshakufa." Mwingine atasema alikuwa mahututi, au mchawi. Nimechoka kuisikia, maana inapindua picha nzima.

"Mwenye fuvu ni marehemu"

Waliochorwa wakiwa na fuvu walikuwa hai, na uzito wa picha uko hapo hapo. Mtazame kijana aliyechorwa na Frans Hals kati ya 1626 na 1628, yuko National Gallery, jumba la sanaa la London. Mashavu yameiva, kofia ina unyoya mrefu mwekundu, mkono wa kulia umenyooshwa kama unaotaka kukugusa. Wa kushoto umeshika fuvu. Ujana na mfupa vimewekwa pamoja ili wewe unayetazama uhesabu siku zako.

Msomaji wa Biblia analijua fundisho hili: "Ubatili mtupu, asema Mhubiri." David Bailly aliyaandika maneno ya Mhubiri kwa Kilatini kwenye karatasi inayoning'inia ukingoni mwa meza, katika picha yake ya 1651 iliyoko Museum De Lakenhal, Leiden. Mezani kuna fuvu, kipima saa cha mchanga, mshumaa uliozimika, sarafu na maua. Mapovu ya sabuni yanaelea juu. Kando ameketi kijana aliyeshika picha ndogo ya mwanamume mtu mzima. Wageni husema ni baba yake. Bailly alizaliwa 1584, kwa hiyo alipoichora picha hii alikuwa anakaribia miaka 70. Tafsiri iliyozoeleka ni kwamba huyo mtu mzima ndiye Bailly mwenyewe, na kijana ni Bailly wa enzi zilizopita. Aliyekwisha kupita ni yule anayeonekana mbichi! Ukishikilia kwamba fuvu lina maana ya maiti, hili lote linakupita.

Na walipotaka kumchora maiti, walimchora wazi. Mwaka 1645 Bartholomeus van der Helst alimchora mtoto aliyefariki, picha iko Museum Gouda: mtoto amelazwa juu ya majani makavu, na mwenge umegeuzwa chini juu. Hakuna aliyejaribu kumfanya aonekane hai.

Ushauri wangu ni uleule siku zote: liache fuvu kwanza. Anza na uso, kisha mikono, kisha maandishi ya pembeni, kwani mara nyingi umri wa mtu umeandikwa hapo. Fuvu litafuata.

"Nguo nyeusi ni za msiba"

La. Kutia kitambaa rangi nyeusi iliyokolea kulikuwa ghali, na matajiri waliivaa kwa fahari. Marten Soolmans na Oopjen Coppit walioana 1633, mchoraji Rembrandt akawachora 1634 wakiwa wamevaa nyeusi wote wawili.

"Kijana wa Hals ni Hamlet"

Hakuna ushahidi wowote kwamba ni Hamlet, mwanamfalme anayeshika fuvu katika tamthilia ya Shakespeare. Lucas van Leyden alichonga mchoro wa kijana mwenye fuvu yapata 1519, Shakespeare akiwa bado hajazaliwa.

"Na ile ya fuvu lililovutwa sakafuni?"

Wanaouliza hivyo wana maana ya "Mabalozi", picha ambayo fuvu lake limevutwa likapotoka umbo. Hiyo si ya Kiholanzi. Ni ya Hans Holbein, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, ya mwaka 1533. Nayo iko National Gallery. Nadhani ndiyo maana watu huichanganya na ya Hals.