Hell's Gate na Ziwa Naivasha kwa baiskeli: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Tairi ikijazwa upepo hadi iwe ngumu haitoboki.

Tairi ngumu hudundadunda kwenye kokoto, na kwenye majivu ya volkano huzama na kuteleza. Kwa tairi ya inchi 2 yenye tyubu, mwendeshaji wa kilo 70 aanze na psi (kipimo cha shinikizo la upepo) 30 hivi mbele na 35 nyuma. Ukishusha sana, tyubu hubanwa kati ya ringi na jiwe, ikatoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba.

Miiba ya migunga na vipande vya obsidiani, ile kioo nyeusi ya volkano, vitatoboa tairi yoyote. Ukipata pancha, usikimbilie kuvalisha tyubu mpya. Funga kidole kwa kitambaa, kipitishe polepole ndani ya tairi mzunguko mzima, kisha ung'oe kilichonasa. Ukiruka hatua hii, tyubu mpya itatoboka muda si mrefu. Kila mtu abebe tyubu mbili za saizi yake, viraka, gundi na pampu, hata kama kiongozi ana mkoba wa vifaa: msafara ukitawanyika, mkoba huo unaweza kuwa kilomita nyingi mbele.

Dhana: Pasipo simba hapana hatari.

Hell's Gate ni miongoni mwa mbuga chache za kitaifa nchini Kenya zinazoruhusu baiskeli, na watu huchukulia ruhusa hiyo kama hakikisho. Nyati wapo, na dume aliyejitenga ndiye wa kuogopwa zaidi. Kiongozi akiinua mkono, simameni pamoja mpaka mnyama aondoke mwenyewe. Msimpigie kengele wala kelele. Huko ziwani, viboko hutoka majini jioni kwenda kula nyasi, kwa hiyo njia za ufukweni zimalizwe kabla ya saa kumi na moja.

Dhana: Anga likiwa jeupe, korongo ni salama.

Hapa hatubembelezani. Korongo la Ol Njorowa, lililo ndani ya mbuga ya Hell's Gate, ni jembamba, na mvua iliyonyesha mbali huweza kuleta maji ghafla huku juu yenu jua likiwaka. Septemba 2019 mafuriko ya namna hiyo yaliua watu waliokuwa ndani. Fungeni baiskeli juu kwa kufuli, muulizeni askari wa mbuga habari za mvua ya jirani, na akikataa msiteremke. Maji yanayochuruzika kutani mengine ni ya moto wa kuunguza. Msiyaguse kwa majaribio.

Dhana: Ni karibu na ikweta, kwa hiyo joto tu.

Naivasha iko mita 1,880 hivi juu ya usawa wa bahari. Alfajiri ni baridi ya kuvaa jaketi, na adhuhuri jua huchoma kweli. Bebeni lita tatu za maji kila mmoja. Ziwa lenyewe ni la maji baridi, tofauti na Elementaita na Nakuru ambayo ni ya magadi, lakini yasinywewe bila kuchemshwa.

Dhana: Njia yote ni tambarare.

Kutoka lango la Elsa, la kuingilia mbugani, hadi korongoni, karibu ndiyo. Ukigeukia Olkaria, penye mitambo ya umeme wa mvuke, kuna vilima na majivu mazito. Kupanda, badilisha gia kabla mguu haujalemewa. Kushuka, sogeza uzito nyuma, bana breki na kuachia kidogo kidogo. Ukishika ya mbele ghafla kwenye majivu, gurudumu huchimba na kukurusha. Mpange muda wa kurudi: lango hufungwa saa kumi na mbili jioni.