Beseni jeusi limetokana na nini? Dhana potofu kuhusu plastiki iliyorejelezwa

"Plastiki ni plastiki tu, iyeyushe yote pamoja." Dhana hii ndiyo inayoharibu kazi kuliko zote. Chukua chupa ya maji iliyookotwa kwenye mtaro wa Nakivubo jijini Kampala, ikatekate pamoja na kifuniko chake, kisha vitie vipande kwenye ndoo ya maji. Vya chupa vitazama, vya kifuniko vitaelea. Chupa ni PET, aina ya plastiki ambayo ni nzito kuliko maji. Kifuniko ni polithini au polipropilini, ambazo ni nyepesi. Viwanda hutumia njia hiyohiyo kuvitenganisha, ila kwa matangi makubwa.

Kwa nini wahangaike? Jerikeni ya njano huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi za Selsiasi, chupa ya maji huhitaji karibu 250. Ukipika vyote kwa joto la jerikeni, kipande cha chupa hubaki kigumu ndani ya uji, na hapo ndipo beseni litakapopasukia siku ukilijaza nguo. Bomba la PVC ni balaa zaidi: likiingia kwenye joto la PET hutoa gesi ya asidi inayokula mashine. Kwa hiyo thamani ya taka huanzia kwa anayechambua. Anayechambua ndiye tunayempita Kampala kila asubuhi bila hata kumwambia habari za kazi.

"Vitu vya plastiki iliyorejelezwa ni dhaifu." Vingine ni dhaifu kweli. Kila plastiki inapoyeyushwa minyororo ya molekuli zake hukatika na kuwa mifupi, ndiyo maana wenye viwanda huongeza plastiki mpya kidogo. Lakini kigae cha ukutani au nguzo ya uzio havihitaji kunyumbuka kama kaveera, yaani mfuko mwepesi wa plastiki. Gulu, kaskazini mwa Uganda, kuna kampuni ya Takataka Plastics inayotengeneza vigae kwa taka za plastiki, na kwa maoni yangu hayo ndiyo matumizi ya busara: kitu kinachokaa ukutani miaka mingi, si kikombe cha kutupwa kesho.

Rangi nyeusi nayo isikutishe wala isikupumbaze. Ukichanganya taka za rangi zote hupati nyeupe tena, basi mtengenezaji huficha mchanganyiko kwa rangi nyeusi. Beseni hilo fulia nguo. Chakula ni habari nyingine: jerikeni iliyowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya shambani hufyonza harufu na kemikali, na sabuni haiziondoi zote. PET iliyorejelezwa huweza kurudi kuwa chupa ya kinywaji, lakini baada ya usafishaji maalumu wa kiwandani.

"Ile pembetatu yenye namba inaonyesha kitu kimetokana na taka." Hapana. Namba hizo zilianzishwa na wenye viwanda wa Marekani mwaka 1988 kutaja aina ya plastiki, basi. Namba 1 ni PET, namba 2 ni ile ya jerikeni. Hazikuahidi kwamba kuna mtu atakayeinunua taka hiyo.

"Urejelezaji ukishika kasi, tatizo limekwisha." Wanasayansi waliokadiria plastiki yote iliyowahi kutupwa duniani hadi 2015 waliona ni asilimia 9 tu iliyorejelezwa. Tena shati lililofumwa kwa nyuzi za chupa zilizoyeyushwa mara nyingi ndio mwisho wa safari. Halirudi kuwa chupa, na likifuliwa hutoa nyuzi ndogondogo majini. Faida kubwa hupatikana pale taka inapochukua nafasi ya plastiki mpya ambayo ingetengenezwa. Ukiongeza bidhaa ambayo hakuna aliyeihitaji, umeongeza taka tu. Soda ya chupa ya kioo, ile ambayo mwenye duka hakupi mpaka urudishe tupu, haihitaji kuyeyushwa ndipo ijazwe tena.

Kaveera ndiyo imeshindikana: nyepesi, chafu, ukiijaza gunia zima mizani haitikisiki, kwa hiyo waokotaji wengi huiacha. Sheria ya mazingira ya Uganda ya 2019 inakataza zenye unene wa chini ya maikroni 30 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na sokoni bado unafungiwa nyanya ndani yake.