Ukiona laktosi kwenye boksi la dawa, usiache dozi

Siku hizi watu wanapiga picha kile kikaratasi cha ndani ya boksi la dawa, wanazungushia neno laktosi, halafu wanasambaza kwenye magrupu eti wagonjwa wa kisukari wanalishwa sukari kwa siri. Jamani, siri gani imeandikwa kwenye karatasi?

Laktosi ni sukari ya maziwa, utamu wake haufiki hata nusu ya sukari ya chai, inatolewa kwenye yale maji yanayobaki jibini likishatengenezwa. Kiwandani wanaitumia kwa sababu dawa yenyewe mara nyingi ni miligramu chache tu, haishikiki, inabidi ijazwe na kitu ili kidonge kishikane na dozi iwe sawa kila kidonge. Vidonge vingi vya uzazi wa mpango vinayo, tenofovir nyingi (dawa mojawapo ya ARV, za kufubaza VVU) zinayo.

Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina karibu gramu 12 za laktosi. Kidonge kwa kawaida hakifiki hata gramu moja. Sasa mtu anakunywa chai ya maziwa asubuhi na jioni halafu anaacha ARV kwa sababu ya hicho kidonge, inatuumiza sana.

Wanaojaa gesi na kuharisha wakinywa maziwa, utumbo wao una upungufu wa laktasi, kimeng'enya kinachovunja laktosi tumboni, na wengi wao kidonge hakiwasumbui. Mzio wa maziwa ni kitu kingine kabisa, huo ni wa protini, na hapo msipuuze: baadhi ya dawa za pumu za unga wa kuvuta zina laktosi yenye mabaki ya protini hiyo, mwenye mzio mkali anaweza kubanwa kifua, kwa hiyo mwambie daktari kabla hajakuandikia. Mtoto mwenye galaktosemia, ugonjwa wa kuzaliwa nao ambapo mwili hauwezi kutumia galaktosi, sukari inayotokana na laktosi, naye daktari lazima ajue.

Ukipata madhara nenda kituo ulichopewa dawa ijazwe fomu ya madhara: jina la dawa, batch namba (namba ya toleo iliyoandikwa kwenye boksi), tarehe ya kuisha muda, ulianza lini kumeza, madhara yalianza lini, na dawa nyingine unazotumia hata za miti shamba. Boksi usilitupe, bila batch namba ufuatiliaji unakuwa mgumu sana. Malalamiko ya vyakula vya paketi, hayo peleka TBS, Shirika la Viwango Tanzania, jukumu hilo lilihamia kwao 2019. Na anayeuza dawa isiyosajiliwa anavunja Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania, Sura 219, atashtakiwa.

Ukitaka isiyo na laktosi muulize mfamasia, kwa baadhi ya dawa zipo, ila kama huna dalili za mzio endelea kumeza uliyonayo mpaka ubadilishiwe.