Je, wajua kwa nini rafadha ya nyambizi hufunikwa turubai?

Nyambizi mpya ikizinduliwa, bendi hupigwa na wakubwa hupiga picha, lakini ukizunguka nyuma, kwenye rafadha (pangaboi, ukipenda), mara nyingi utakuta turubai. Mwaka 2007 rafadha ya nyambizi ya Marekani ya daraja la Ohio, ikiwa kwenye gudi (mahali pa kutengenezea meli) huko Bangor, jimbo la Washington, ilionekana wazi kwenye ramani za mtandaoni za Microsoft. Ikawa habari.

Kwa miaka mingi niliamini kinachofichwa ni kasi: ukinakili mapanga yale, yaani mabawa ya rafadha, chombo chako kitakimbia kama chao. Sivyo. Rafadha hizi huzungushwa polepole makusudi. Kinachofichwa ni ukimya. Na hata nilipolijua hilo nikakosea tena, nikidhani kelele hutokana na mapovu ya hewa, kama yale yanayoachwa na boti ya Unguja. Lakini mita 100 chini ya bahari hewa hiyo itoke wapi? Yale ni mvuke. Maji yamechemka yakiwa ya baridi.

Kileleni Kilimanjaro maji huchemka kwenye nyuzi 80 hivi, kwa kuwa mgandamizo wa hewa ni mdogo. Panga likikata maji kwa kasi, upande wake mmoja mgandamizo hushuka mno hata maji yakachemka bila moto. Povu likisogea kidogo hukuta mgandamizo wa kawaida, likabonyea kwa kishindo. Vishindo hivyo kwa maelfu ndivyo adui anavyovisikia. Ukizama zaidi, uzito wa maji huyazuia mapovu yasizaliwe.

Hata bila mapovu, kelele ipo. Mapezi ya mkiani, mara nyingi manne, huacha nyuma yake maji yaliyopungua mwendo, na kila panga likipita humo hutikisika. Fikiria kinu: watwangaji wanne wakishusha michi kwa pamoja, hadi kwa jirani patatetema, wakipokezana, ni tu-tu-tu ya chini. Ndiyo maana mapanga 7 yamependwa: kwenye mapezi manne, hayawezi kugonga yote kwa mkupuo.

Idadi yenyewe nayo ni siri ya maana. Msikilizaji akihesabu mitikisiko 420 kwa dakika, na akijua mapanga ni 7, anapata mizunguko 60. Kutoka hapo kukisia mwendo si kazi kubwa.

Kuchonga maumbo hayo kunataka mashine za hali ya juu. Mwaka 1987 ilifichuka kwamba Toshiba Machine ya Japani, ikishirikiana na Kongsberg ya Norway iliyotoa kompyuta za kuziongoza, ilikuwa imewauzia Wasovieti mashine hizo kinyume cha marufuku. Zilichangia kiasi gani kuzinyamazisha nyambizi zao, wataalamu hawakukubaliana. Nyambizi za Kisovieti zilikuwa zimeshaanza kunyamaza kabla mashine hizo hazijafika. Wabunge wa Marekani hawakungoja mjadala uishe. Walitoka nje ya bunge na nyundo, wakaiponda redio ya Toshiba, ambayo haikuwa na panga hata moja.